Umeme wa Tela Lazima Urudi

Barabara ya Kitai ina kazi nyingi. Magari ya Songea hupita hapo kwenda Mbinga na Mbamba Bay. Mengine hukata kona kwenda Ruanda mpaka Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa. Tangu mwaka 2011 yameongezeka malori ya makaa ya mawe ya Ngaka. Katika njia kama hiyo, trekta yenye tela isiyo na taa nyuma ni hatari kubwa usiku. Dereva wa lori haioni mpaka ameikaribia sana.

Mara nyingi tela hiyo ina taa na ina waya, lakini taa haziwaki vizuri. Basi kagua waya wa kurudi. Mafundi huuita ethi.

Njia mbili za umeme

Umeme hutoka kwenye betri, upande wa chanya. Hupita kwenye fyuzi na swichi, kisha huingia kwenye taa. Lakini hauishii hapo. Lazima urudi kwenye betri, upande wa hasi. Ukikosa njia ya kurudi, taa haiwaki. Njia hiyo ikiwa mbovu, taa huwaka kwa unyonge.

Katika trekta nyingi, hasi ya betri imefungwa kwenye chuma cha trekta. Kwa hiyo chuma hicho ni njia ya kurudi. Wako wanaodhani kwamba umeme wa tela utarudi kupitia pini ya kuvutia tela. Pini hiyo ina grisi, vumbi na kutu, tena hucheza njiani. Usiitegemee. Tela ipewe waya wake wa kurudi. Plagi ya tela yenye meno 7 ina jino moja kwa kazi hiyo.

Piga hesabu kwanza

Kabla ya kukata waya, andika taa zinazoweza kuwaka kwa pamoja. Tuseme tela ina taa hizi:

Taa 2 za nyuma, wati 5 kila moja: wati 10.
Taa 2 za breki, wati 21 kila moja: wati 42.
Indiketa 1 ya kukata kona: wati 21.
Jumla: wati 73.

Betri ni ya volti 12. Gawanya 73 kwa 12. Utapata ampea 6 na kidogo. Kila taa ina waya wake wa kwenda, lakini ampea zote 6 hurudi kwa waya mmoja. Kwa hiyo waya wa kurudi uwe mnene kuliko zile za kwenda.

Namna ya kufunga

1. Kwanza fungua hasi ya betri.
2. Chagua mahali pamoja pa kukusanyia waya zote za kurudi za tela.
3. Kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae.
4. Funga kwa bolti na nati, ukaze sana.
5. Paka grisi juu yake ili maji yasiingie.
6. Fyuzi iwekwe upande wa chanya. Usiiweke kwenye waya wa kurudi.

Dalili za ubovu

Washa indiketa. Taa nyingine ikipepesa pamoja nayo, umeme umekosa njia yake na unatafuta njia ya pembeni. Ili kuhakikisha, chukua waya mwingine. Unganisha hasi ya betri na chuma cha taa. Taa ikiongeza mwanga, tatizo ni njia ya kurudi. Usibadili balbu bure.

Ndugu mwanakijiji, unapokwenda kuchukua tela yako kwa fundi, muulize: "Waya wa kurudi uko wapi?" Akuonyeshe kwa kidole. Kisha washeni taa zote kabla hujalipa. Waya mmoja ni bei ndogo kuliko maisha ya mtu.