Mali bila daftari: Ken Hawley na kisu cha kukunja cha Sheffield
Sehemu ya Pili

Wiki iliyopita tuliifuata historia ya visu vya Sheffield, mji wa kaskazini mwa Uingereza ambao visu vyake vilikwisha kutajwa na Geoffrey Chaucer katika karne ya 14, ambao chama chake cha mafundi visu kiliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624, na ambao baadaye ulipeleka visu vyake karibu kila bandari ya dunia. Tuliishia pale viwanda vilipoanza kufungwa kimoja baada ya kingine katika nusu ya pili ya karne ya 20. Swali la leo linaanzia hapo hapo. Kiwanda kikifungwa, mashine huuzwa, jengo hubadilishwa matumizi, mafundi hurudi majumbani kwao. Ujuzi wao je, unakwenda wapi? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ujuzi wa mikono ni mali iliyo rahisi sana kupotea hivyo, maana aghalabu haukuandikwa popote. Hoja yangu ni kwamba mkusanyaji wa kweli wa visu ni mtunza daftari. Athari yake kwa wapenzi na mafundi wa visu vya kukunja tuipime kwa yale ambayo wengine wameweza kuyajua na kuyatenda kwa sababu yeye alikusanya.

Mfano wangu ni Ken Hawley, aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2014. Hakuwa mfua visu, wala hakuwa mwalimu wa chuo kikuu. Alikuwa mfanyabiashara wa zana za ufundi, mwenye duka katika mtaa wa Earl Street mjini Sheffield. Biashara hiyo ilimfungulia milango ya karakana ambazo mtu baki asingeingia, na ikamfanya azijue zana kwa majina, kwa matumizi na kwa watu waliozitengeneza. Kwa zaidi ya nusu karne alikusanya misumeno, randa, patasi, tupa, mikasi, visu vya mezani na visu vya kukunja, hadi vikafika makumi ya maelfu. Hata hivyo, wengi wamewahi kukusanya vitu vingi. Kilichomtenga Hawley na wenzake ni kwamba alichukua na vile ambavyo wengine waliviona takataka: vipande vya kazi ambayo haijamalizika, zana zilizotengeneza zana nyingine, malighafi, katalogi za biashara, picha za karakana, na kumbukumbu za mafundi wakiwa kazini.

Ili kuona uzito wa uamuzi huo, tukitazame kisu chenyewe kwa karibu. Kisu cha kukunja cha jadi kina bapa la chuma, springi mgongoni, vibamba vya shaba vinavyokaa pande mbili, na juu ya vibamba hivyo vipande vya mpini vya mfupa, pembe ya kulungu au ganda la chaza, vyote vikishikwa na misumari myembamba iliyopigwa nyundo mpaka vichwa vyake visionekane. Hakina kufuli. Kinachozuia bapa lisimwangukie mtu vidoleni ni mkazo wa springi peke yake juu ya shina la bapa. Springi ikizidi ukali, ukucha hauwezi kulifungua. Ikilegea, kisu hakiaminiki. Bapa linatakiwa lizame kati ya vibamba bila kukwaruza upande wowote, na mgongo wa springi uwe sawasawa na vibamba kisu kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa. Fundi huyapata haya kwa tupa, nyundo na jicho, akiunga, akifungua na kuunga tena, akipunguza chuma kiasi cha unywele. Kisu kikishakamilika, hatua zote hizo zinafichwa na mng'aro wake. Mwenye kutaka kuzijua anahitaji bapa lililofuliwa ambalo halijafika kwenye cherehe, springi ambayo bado ina alama za tupa, na mpini ambao haujasuguliwa. Vitu hivyo havina bei sokoni, na hilo ndilo lililovifanya vipotee kwanza kila karakana ilipofungwa.

Athari ya kazi ya namna hii inaonekana katika mambo mawili. La kwanza ni usomaji. Mpenzi wa visu vya kale hukisoma kisu kama hati: huangalia chapa iliyopigwa kwenye shina la bapa, hutazama nyota na msalaba wa kampuni ya Joseph Rodgers au herufi za I*XL za kampuni ya George Wostenholm, kisha hujiuliza kama mpini na springi ni vya umri mmoja na chapa hiyo. Hujua, kwa mfano, kwamba sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa za kigeni zipigwe jina la nchi zilikotoka, kwa hiyo neno England kwenye bapa lililopelekwa soko la Marekani kwa kawaida huashiria kwamba kisu ni cha baada ya hapo. Maarifa kama haya hayadumu kwa masimulizi peke yake. Yanataka katalogi za kulinganishia na vitu halisi vya kushika mkononi. Pasipo hivyo, mwenye kughushi chapa hana anayemwogopa, na mnunuzi mwaminifu huliwa fedha zake.

Jambo la pili ni riziki ya fundi. Stan Shaw, aliyeishi kati ya mwaka 1926 na 2021, aliingia kazini akiwa kijana wa miaka 14 katika kampuni ya George Ibberson, na akaendelea kutengeneza visu vya kukunja kwa mkono miongo mingi baada ya viwanda vikubwa kunyamaza. Mwanahistoria Geoffrey Tweedale, ambaye vitabu vyake juu ya wafua visu wa Sheffield hutegemewa sana na wakusanyaji, aliandika pia kitabu kuhusu maisha ya Shaw. Wengi wa waliomwagizia Shaw visu walikuwa wakusanyaji, nao walikubali kungoja kwa miaka. Mtu hangoji miaka kwa kitu asichokielewa. Walingoja kwa sababu macho yao yalikwisha kufunzwa kutambua kazi iliyonyooka na kazi iliyolipuliwa, na mafunzo hayo ndiyo daftari ninalolizungumzia.

Wapo watakaopinga kwamba wakusanyaji hupandisha bei, hufungia kabatini kitu kilichoumbwa kukata, na kumnyima kijana wa kawaida kisu kizuri. Pingamizi hili lina ukweli wake. Yuko mkusanyaji ambaye kisu kwake ni amana ya benki tu, na huyo simtetei. Lakini Hawley alitenda kinyume chake: mkusanyo wake uliwekwa chini ya wakfu, na tangu mwaka 2010 una makao katika jumba la makumbusho la Kelham Island, Sheffield, ambako yeyote anaweza kuuona na kujifunza. Wasomaji wetu wanalijua vizuri neno wakfu. Mali iliyowekwa wakfu hutoka mikononi mwa mwenyewe na kuacha kuwa bidhaa. Inabaki kuwa manufaa ya watu.

Wengine watasema, pamoja na yote hayo, Hawley hakuokoa hata kiwanda kimoja, na kwamba chema chajiuza: visu vya Sheffield vingekuwa bora kweli, vingejiuza vyenyewe. Methali hiyo ni ya kweli pale ambapo mnunuzi anajua kutofautisha chema na kibaya. Visu vya bei rahisi vilipofurika, mnunuzi wa kawaida hakuona tofauti ya springi iliyorekebishwa kwa mkono na ile iliyokatwa kwa mashine, basi akachagua bei. Mkusanyaji hawezi kuzuia uchumi wa dunia. Awezalo ni kulinda ule ujuzi wa kutofautisha, ili fundi aliyebaki awe na mteja, na kijana atakayetaka kuanza upya awe na mahali pa kuanzia.

Pingamizi la mwisho linatuhusu sisi: visu vya Waingereza vina nini na msomaji wa Kiswahili? Jibu limo mpinini. Sheffield ya karne ya 19 ilitumia pembe za ndovu kwa wingi mno, na ghala la pembe la Joseph Rodgers lilikuwa mashuhuri. Unguja ya karne hiyo hiyo ilikuwa soko kuu la pembe katika Afrika Mashariki. Zilibebwa mabegani kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, zikavushwa Unguja, kisha zikapakiwa kwenda Bombay, London na Marekani. Upande wa pili wa safari hiyo, wanoaji wa Sheffield waliinama juu ya mawe ya cherehe wakivuta vumbi lililowaua wengi kabla ya uzee. Kisu kinachong'aa dukani hakisimulii habari za mpagazi wala za mnoaji. Pembe ghafi ikihifadhiwa pamoja na mpini uliokatwa kutoka kwake, na jiwe la kunolea likihifadhiwa pamoja na bapa, habari hizo zinabaki na ushahidi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika 2022, imezuia karibu biashara yote ya pembe za ndovu, nami naiona ni sheria ya haki. Kwa aliyekusanya ili auze, ni hasara. Kwa aliyekusanya ili watu wajue, mpini ule haujapungukiwa na kitu, kwa maana thamani yake haikuwa sokoni tangu mwanzo.

Kwa hiyo anayetaka kumheshimu mkusanyaji wa visu amuulize mambo matatu: ameandika nini kuhusu kila alichonacho, ni mafundi gani aliowasikiliza wangali hai, na ni nani atakayeweza kuvishika vitu hivyo yeye akiwa hayupo. Hawley aliyajibu yote matatu, na ndiyo sababu bapa lisilonolewa, ambalo mtu mwingine angelitupa jalalani, leo ni somo la mafundi. Wiki ijayo tutaligeuza bapa hilo na kusoma chapa zilizopigwa shinani, moja baada ya nyingine.

Itaendelea.