Kaeni Upande wa Kushoto

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, leo tunapanda basi. Tuko Scotland, katika kisiwa cha Skye, kilichounganishwa na bara kwa daraja tangu 1995. Basi la watalii linatoka mjini Portree kwenda kaskazini, kuizunguka rasi ya Trotternish. Bahari itakuwa mkono wa kulia safari nzima, na abiria wengi watagombania madirisha ya huko. Nyinyi kaeni kushoto. Huko ndiko iliko milima, na milima hii inatembea.

Naam, inatembea! Yapata miaka milioni 60 iliyopita, volkano zilimwaga lava hapa tena na tena, ikaganda ikawa mwamba mzito mweusi. Chini yake palikuwa na matabaka ya kale zaidi, laini, yaliyotokana na tope na mchanga wa baharini. Wekeni jiwe la kusagia juu ya udongo uliolowa, mtaelewa kilichotokea. Matabaka ya chini yalilemewa, yakateleza, na mwamba wa juu ukapasuka ukashuka nayo kuelekea baharini. Maporomoko hayo yameenea karibu kilomita 30. Uingereza nzima hakuna yanayoyapita kwa urefu.

Pande moja la mwamba huo limesimama wima hadi leo, karibu mita 50 kwenda juu. Ndilo Old Man of Storr. Wenyeji husimulia kwamba jitu lilizikwa pale, kidole gumba kikabaki nje.

Tukifika Kilt Rock nawaruhusu mgeuke kulia. Tazameni nguzo za mwamba zilivyojipanga, na maji ya ziwa Mealt yanavyoruka ukingoni hadi ufukweni! Mbele kidogo, Staffin, dinosaria waliacha nyayo zao. Huonekana maji yakipwa, hasa baada ya dhoruba za baridi kuondoa mchanga.

Kisha Quiraing, vilele na mabonde yaliyovurugika. Njia inayopanda huko ni nyembamba, yenye kona kali, kwa hiyo mabasi makubwa hufuata pwani. Lakini hata pwani ardhi haijatulia: karibu na Flodigarry barabara husogea, na kila mwaka mafundi hurudi kuitengeneza.

Kilmuir kuna kaburi la Flora MacDonald. Mwaka 1746, mwana mfalme Charles Edward Stuart aliposhindwa vitani Culloden, tayari alikuwa amewekewa zawadi ya pauni 30,000 kwa atakayemkamata. Flora, binti wa miaka 24, alimvalisha nguo za mjakazi, akamvusha kwa mashua usiku hadi rasi hii. Flora alifungwa, akaachiliwa mwaka uliofuata. Fedha zile zingemtajirisha yeyote katika visiwa hivi maskini, na hakuna aliyezichukua. Mimi humheshimu kila mmoja wao.

Barabara inashuka Uig, zinakoondokea feri za Harris na North Uist, halafu tunageuka kusini. Hapa wengi husinzia. Nyinyi endeleeni kutazama kushoto: ni milima ile ile, ila upande huu ina miteremko mipole ya nyasi na kondoo, kwa kuwa matabaka ya lava yameinama kuelekea magharibi. Upande uliovunjika ni ule wa mashariki, tulikopita asubuhi.