Magari-nyumba ya GMC: Bei yake imo kwenye spea

ANAYEINGIA kwenye soko la magari-nyumba ya zamani nchini Marekani hukutana na jambo la kushangaza. Magari mawili ya aina moja, ya mwaka mmoja, yaliyotoka kiwanda kimoja: moja linauzwa dola elfu chache, lingine mwenyewe anadai makumi ya maelfu na hapunguzi. Kwa nje huenda yakafanana kabisa. Tofauti iko chini ya sakafu, na anayeijua ndiye anayefaidi katika biashara hii.

Gari-nyumba ni gari lenye vitanda, jiko, choo na bafu, ambalo huendeshwa lenyewe badala ya kuvutwa kama trela. Miongoni mwa yale ya zamani, mojawapo linalotafutwa sana ni GMC Motorhome, lililoundwa na General Motors mjini Pontiac, jimbo la Michigan, kuanzia toleo la 1973 hadi la 1978. Yalitoka ya futi 23 na ya futi 26. Jumla yake ni 12,921, kisha kiwanda kikaacha.

Ili kuelewa bei ya leo ni lazima kujua gari hili lilivyoundwa. Wakati ule magari-nyumba mengi yalikuwa sanduku lililokalishwa juu ya chesisi ya lori. Kampuni ya Winnebago ya Forest City, Iowa, iliyouza mengi kuliko wengine, ilitumia chesisi za Dodge. Propela na dif zikipita chini, sakafu hupanda, na gari likipanda huyumba kwenye upepo.

GMC walifuata njia nyingine. Walichukua injini na giaboksi ya Oldsmobile Toronado, gari dogo la kifahari lililotoka mwaka 1966 likivutwa kwa magurudumu ya mbele. Kwa hiyo gari-nyumba hili halina propela wala dif ya nyuma. Nyuma lina magurudumu manne, mawili kila upande, moja mbele ya jingine, yakibebwa na mfuko wa hewa badala ya springi. Sakafu ikashuka hadi sentimita 35 hivi kutoka ardhini. Bodi ilijengwa kwa fremu ya alumini na kuvikwa faiba na alumini, vitu visivyoliwa na kutu.

Hapo ndipo mgeni anapodanganyika. Baada ya karibu miaka 50 bodi bado inang'aa, lakini chesisi iliyo chini yake ni ya chuma, na chuma huoza kama chuma kingine chochote.

PETROLI

Gari lilionyeshwa hadharani Mei 1972 kwenye maonyesho ya Transpo karibu na Washington. Mwaka uliofuata, Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zikaizuia Marekani kupata mafuta yao, na foleni zikajaa kwenye vituo. Haukuwa wakati mzuri wa kuuza gari lenye injini ya V8 ya lita 7.5. Hata injini ndogo ya lita 6.6 iliyofungwa kwenye matoleo ya mwisho haikuwa ndogo kwa kipimo cha mtu mwingine yeyote.

Matangi yake mawili huchukua galoni 50 za Kimarekani, yaani lita 190 hivi. Wamiliki wengi hupata maili 8 hadi 10 kwa galoni, ambazo ni lita 24 hadi 29 kwa kila kilomita 100. Tangi lililojaa humfikisha mtu kilomita 650 hadi 800. Anayenunua gari hili bila kupiga hesabu hiyo atalirudisha sokoni kabla ya mwaka kwisha, na wapo wengi wa namna hiyo.

Toronado ya mwaka 1979 ilipunguzwa umbo, na giaboksi ile kubwa haikuwa na kazi tena. Gari-nyumba lililoitegemea likakoma pamoja nayo.

UCHACHE SI BEI

Wanunuzi wapya hudhani kuwa kitu kikiwa adimu kina thamani. Yapo magari-nyumba adimu kuliko GMC. Ultra Van, la alumini na injini ya Chevrolet Corvair, yalitengenezwa kama 370 tu. FMC 2900R la California, la katikati ya miaka ya 1970, ni kama 1,000. Ni magari mazuri, lakini kikipasuka kioo cha mbele cha gari ambalo ndugu zake hawafiki 400 duniani kote, hakuna duka la kukimbilia.

GMC limebahatika kuwa katikati. Magari 12,921 ni machache mno kwa kampuni kubwa kuyajali, ila yanatosha kulisha karakana ndogo ndogo. Karakana hizo hutengeneza upya mipira ya madirisha, mifuko ya hewa, breki za diski za kufunga nyuma mahali pa zile za dramu, na vifaa vya kuimarisha beringi za mbele. Aidha, kwa kuwa injini na giaboksi vilitumika pia kwenye Toronado, na giaboksi hiyo hiyo kwenye Cadillac Eldorado, magari yaliyouzwa kwa mamia ya maelfu, kwa miaka mingi spea zilipatikana kwenye yadi za magari mabovu kwa bei ya kutupa.

Siku hizo zimepita. Toronado na Eldorado nyingi za enzi hiyo zimeshayeyushwa, na Oldsmobile yenyewe ilifungwa mwaka 2004. Giaboksi ile haijatengenezwa tangu mwaka 1978. Ikivunjika moja isitengenezeke, hesabu imepungua kwa moja. Ndiyo maana mwenye giaboksi ya akiba kwenye banda lake hashindwi kuiuza, na ndiyo maana baadhi ya magari yaliyochoka hukatwa kuuzwa vipande, kwani kwa vipande hulipa zaidi kuliko yakiwa mazima.

Mfano mwingine ni tairi. Gari lilitoka na rimu za inchi 16.5, kipimo ambacho watengenezaji wa tairi wamekiacha. Wamiliki makini wameshahamia rimu za inchi 16. Gari linaloletwa sokoni likiwa bado na rimu za zamani humdai mnunuzi rimu sita na tairi sita kabla hajatoka nalo barabarani.

Kwa hiyo sheria ya soko la magari mengine ya kale hapa imegeuka. Kwingine gari lisiloguswa ndilo lenye bei. Hapa aliyebadilisha breki, rimu na kabureta huuza ghali kuliko aliyeacha kila kitu kama kilivyotoka Pontiac. Ndani tu ndimo mambo ni tofauti, kwani wapo wanaotaka viti na rangi zile zile za miaka ya 1970, hata kama macho yanauma.

CHA KUANGALIA

Kitu cha kwanza ni paipu za mpira za petroli. Petroli ya leo nchini Marekani huchanganywa na ethano, ambayo hulainisha mpira wa kale hadi ukavuja juu ya injini ya moto. Magari haya yameungua kwa sababu hiyo. Kisha beringi za mbele, mifuko ya hewa na chesisi. Tairi zikaguliwe tarehe iliyopigwa ubavuni, si kina cha meno tu. Injini inaweza kusubiri, kwa kuwa mafundi wa V8 bado wapo.

Rahisi ghali. Gari la dola elfu chache likihitaji yote hayo humla mwenyewe kuliko lile alilolikimbia kwa bei yake, hasa akilipa fundi kwa saa. Mwenye faida ni anayefanya kazi kwa mikono yake, au anayenunua gari lililokwisha kugharimiwa na mwingine, likiwa na risiti zake zote.

Mahitaji nayo hupanda na kushuka. Wakati wa korona Wamarekani walikimbilia magari ya kulala. Viwanda vilisafirisha zaidi ya 600,000 mwaka 2021, matrela yakiwemo, kisha idadi ikashuka hadi 313,000 hivi mwaka 2023. Kinachotishia soko la GMC hata hivyo si hicho. Wamiliki wengi wa muda mrefu ni wazee, na mafundi wanaolifahamu gari hili ni wazee wenzao. Karakana moja ya spea ikifungwa bila mrithi, kila gari linalotegemea kifaa chake hupungua thamani siku hiyo hiyo.

Katika majimbo ya kaskazini, nafasi nzuri ya mnunuzi ni kabla ya baridi, mwenye gari anapokabiliwa na gharama ya kulihifadhi. Anayenunua baada ya baridi aulize kwanza kama maji yalitolewa kwenye mabomba, kwani yakiganda humo hupasua kila kitu hadi tangi la maji moto.