Breki Mpya Zisiposhika

Watu wengi wanaopenda motokaa za mashindano husifu injini tu. Huuliza, "Inakwenda mbio kiasi gani?" Ni wachache waulizao, "Inasimama vipi?" Lakini dereva wa mashindano ajua ya kwamba asiyeweza kusimama hawezi kukimbia, maana ataogopa kila kona. Kwa hiyo nimeona yafaa niwaeleze wanafunzi wenzangu, na kaka zetu waliokwisha maliza shule, habari za pedi za breki: jinsi zinavyowekwa katika motokaa ya kasi, na jinsi ya kutambua kosa lilipo ikiwa zimekwisha wekwa na bado breki hazishiki sawasawa.

Mambo haya si ya nchi za mbali tu. Mashindano ya Safari Rally yalianzishwa katika Afrika ya Mashariki mwaka 1953, na mwaka 1971 na tena 1973 yalishindwa na Datsun 240Z, motokaa ya michezo yenye milango miwili. Mshindi wa 1973 alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Baada ya 2002 Safari ilitoka katika ubingwa wa dunia, ikarudi 2021. Na katika nchi yetu ya Msumbiji, mjini Maputo, kuna uwanja wa mashindano uliojengwa zamani mji ule ulipokuwa ukiitwa Lourenço Marques.

Katika nchi nyingi, siku ambazo hakuna mashindano, wenye uwanja huwaruhusu watu wa kawaida kulipa ada na kuzunguka na motokaa zao wenyewe. Hao ndio hasa wapatao taabu ya breki. Motokaa ni ile ile iwapelekayo kazini na sokoni, lakini siku hiyo breki zake zatakiwa kufanya kazi ya mashindano.

Sasa tutazame breki yenyewe. Nyuma ya gurudumu kuna diski, yaani sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Diski hiyo hushikwa na kaliperi, ambayo ni kama koleo la mhunzi. Ndani ya kaliperi mna pedi mbili, moja kila upande wa diski. Pedi ni kibao cha chuma kilichogandishwa unga mgumu wa kusugua. Kwa Kireno huitwa pastilhas, neno lile lile la peremende, labda kwa sababu nazo huisha kwa kumung'unywa! Dereva akikanyaga pedali, mafuta ya breki husukuma pistoni, pistoni husukuma pedi, na pedi hubana diski. Breki za namna hii zilipata sifa kubwa mwaka 1953, Jaguar iliposhinda nazo mbio za saa 24 za Le Mans katika Ufaransa.

Msomaji akumbuke jambo moja: breki haipotezi mwendo, bali huugeuza kuwa joto. Chukua motokaa ya kilo 1,000. Ikisimama kutoka mwendo wa kilomita 60 kwa saa, joto lake latosha kuchemsha maji yasiyofika nusu lita. Ikisimama kutoka kilomita 120, mwendo umezidi mara mbili, lakini joto limezidi mara nne: lachemsha zaidi ya lita moja na nusu. Uwanjani dereva hufanya hivyo mara nyingi katika kila mzunguko, na breki hazipati nafasi ya kupoa. Karibu makosa yote nitakayoyataja yatokana na joto hili, au na haraka ya fundi.

Kuweka pedi si kazi kubwa, ila ina taratibu zake. Motokaa isimame mahali pagumu. Huku kwetu pwani mchanga ni mwingi, na jeki huzama. Basi weka ubao mpana chini yake, na usiingie chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake. Ukiisha kufungua kaliperi, usiiache ining'inie kwa bomba lake la mpira, bali ifunge juu kwa waya. Mavumbi ya pedi usiyapulize kwa mdomo. Pedi za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo ni hatari kwa mapafu. Hata za siku hizi mavumbi yake si mazuri. Yafute kwa kitambaa chenye maji.

Sasa tuje kwenye makosa yenyewe.

Kosa la kwanza ni pedi kukataa kuingia. Pedi mpya ni nene kuliko ile iliyokwisha, kwa hiyo lazima pistoni irudishwe ndani. Isukume polepole, huku ukitazama kikopo cha mafuta ya breki kisifurike, maana mafuta hayo hula rangi ya motokaa. Katika motokaa nyingine pistoni za nyuma hufanya pia kazi ya breki ya mkono, nazo hazirudi kwa kusukumwa. Sharti zizungushwe kama skrubu. Atumiaye nguvu hapo ataivunja. Ikiwa pistoni imerudi na pedi bado haiingii, tafuta kutu katika kikao chake. Hapa pwani hewa ina chumvi, na kutu hujaa upesi. Isugue kwa brashi ya waya mpaka pedi iteleze kwa mkono. Pedi iliyoingizwa kwa nyundo haitarudi dereva anapoachia pedali. Itasugua diski mchana kutwa.

Kosa la pili ni pedali kuzama mpaka chini mara tu baada ya kazi. Hili huwatisha wengi, lakini mara nyingi sababu yake ni nyepesi: pistoni zilirudishwa nyuma na bado hazijafika kwenye pedi. Kanyaga pedali mara kadhaa kabla motokaa haijasogea hata hatua moja. Mtu asahauye jambo hili dogo hugundua ya kuwa hana breki akiwa tayari barabarani. Ikiwa umekanyaga mara nyingi na pedali bado ni laini kama sponji, umeingia upepo katika mafuta, nao hauna budi kutolewa.

Kosa la tatu ni motokaa kuvutia upande mmoja, au pedi moja kuisha mbele ya mwenzake. Kaliperi nyingi hutembea juu ya pini mbili. Pini zikishikwa na kutu, pedi moja hufanya kazi yote na ya pili hulala. Zitoe, zisafishe, uzipake grisi ya breki inayostahimili joto, wala si grisi ya kawaida. Tazama pia kama mafuta yamedondokea pedi. Pedi iliyonywa mafuta haisafishiki. Itupwe pamoja na mwenzake, kwa kuwa pedi hubadilishwa kwa gurudumu la kulia na la kushoto pamoja.

Kosa la nne ni kelele. Kama ni mlio mwembamba, labda vibati na klipi za nyuma ya pedi vimesahauliwa. Pedi za mashindano, hata zikiwekwa vema, hulia zikiwa baridi. Ndiyo tabia yake. Lakini kama ni mkwaruzo wa chuma kwa chuma, simama mara moja. Huenda pedi imewekwa kinyume, upande wa chuma ukielekea diski. Msicheke, jambo hili hutokea kweli, hasa kazi ikifanywa usiku.

Kosa la tano ni kutetemeka kwa usukani wakati wa kufunga breki. Watu husema diski imepinda. Pengine ni kweli, lakini mara nyingi si hivyo. Pedi ikiwa mpya huacha utando mwembamba wa unga wake juu ya diski, na utando huo ndio ushikao vema. Ukiwa mnene mahali pamoja na mwembamba pengine, diski hugonga. Kwa hiyo pedi mpya hupaswa kuzoezwa kwanza. Katika uwanja au barabara tupu, punguza mwendo kutoka kama kilomita 100 mpaka 20, mara nane au kumi, bila kusimama kabisa. Kisha endesha polepole bila kugusa breki mpaka zipoe. Ukisimama na kushikilia pedali zikiwa za moto, pedi itaacha alama yake pale pale. Hata breki ya mkono isifungwe mara tu utokapo uwanjani; weka kigingi kwenye gurudumu.

Kosa la sita ndilo la hatari kuliko yote, kwa sababu halionekani katika gereji. Breki ni nzuri asubuhi, nzuri katika mizunguko ya kwanza, kisha zatoweka. Hapa pana magonjwa mawili, na dawa zake ni mbalimbali. Ikiwa pedali ni ngumu lakini motokaa haipungui mwendo, pedi zimepata joto kupita uwezo wake. Zatakiwa pedi za namna nyingine. Ikiwa pedali imekuwa laini na kuzama, mafuta ya breki yamechemka na kufanya mvuke. Mvuke hubonyea, mafuta hayabonyei. Basi mguu wa dereva wasukuma mvuke badala ya pistoni. Breki zikipoa pedali hurudi, na mwenye motokaa hudhani imepona. Haijapona.

Kwa nini mafuta yachemke? Kwa sababu hunyonya maji kutoka hewani. Mafuta yaitwayo DOT 4 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya digrii 230. Yakiisha kunyonya maji kidogo tu, asilimia tatu na kitu, kipimo hicho hushuka mpaka 155. Hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi, kwa hiyo mafuta ya hapa huzeeka upesi, na chupa iliyoachwa wazi haifai tena. Wala asithubutu mtu kuongeza mafuta ya injini badala yake. Mipira yote ya breki itavimba na kuharibika.

Labda msomaji atauliza, "Sisi hatuna motokaa za michezo. Yatufaa nini?" Yatufaa sana. Mueda iko juu ya uwanda, karibu mita 800 kutoka usawa wa bahari, na Mocímboa da Praia iko ufukoni. Chapa iliyojaa watu na magunia ikishuka kutoka uwandani, breki zake hupata joto kama za motokaa ya uwanjani, ila dereva wa uwanjani amevaa kofia ya chuma na yuko peke yake, na dereva wa chapa amebeba mama zetu. Dalili ni zile zile, na dawa ni zile zile: pini zisizo na kutu, mafuta mapya, pedi zilizozoezwa, na gia ndogo mtelemkoni ili injini isaidie breki. Tena mtu asidanganywe kwamba pedi za mashindano ni bora kila mahali. Nyingi hazishiki mpaka zipate moto, na mtoto akikatiza barabara asubuhi hawezi kungoja pedi zipate moto.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Jahazi halielei kwa bahati, na motokaa haisimami kwa bahati. Basi kaka zetu mliokwisha ingia katika kazi za udereva na ufundi, pedi zikiisha kuwekwa msimkabidhi mtu ufunguo kwanza. Kanyageni pedali mpaka iwe ngumu, tazameni kikopo, mjaribu motokaa kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu. Kazi hiyo haizidi dakika tano.