Mtoto anahema mbio, mwili hauna joto

UKILETEWA habari huko mjini kwamba mtoto wa dada yako aliye Jilore anahema mbio ilhali mwili wake hauna joto kubwa, usiwaambie wangoje hadi asubuhi. Kutoka kando ya Mto Sabaki hadi hospitali ya Malindi ni mwendo, na mtoto wa miezi mitatu hadi sita huzidiwa haraka.

Nimonia tuliyoizoea huletwa na bakteria au virusi. Kuna nyingine iletwayo na kuvu iitwayo Pneumocystis jirovecii, nayo huwapata zaidi watoto ambao kinga yao imedhoofishwa na virusi vya UKIMWI. Ilikuwa miongoni mwa vijidudu vilivyotafutwa kwa watoto wa Kilifi katika uchunguzi wa nimonia uliofanywa katika nchi saba kati ya 2011 na 2014.

Kwa miaka mingi wataalamu walidhani kijidudu hiki ni protozoa, jamii moja na kile cha malaria. Mwaka wa 1988 ndipo RNA ya ribosomu zake, vile viwanda vidogo vya kutengenezea protini, ilipoonyesha kuwa ni kuvu. Ndani ya jeni hizo mkaonekana vipande viitwavyo introni, ambavyo hujikata vyenyewe na kutoka kabla RNA haijaanza kazi. Ni kama nazi, isipofuliwa makumbi hutaikuna, ila hapa makumbi yako katikati!

Introni zinazofanana hupatikana hata katika kuvu zisizo na udugu wa karibu. Kwa hiyo si zote zilizorithiwa. Baadhi ziliruka kutoka kuvu moja hadi nyingine, zikisaidiwa na kimeng'enya kinachokata jeni mahali pale pale zinapokaa.

Wewe na mimi hatuna introni za aina hiyo katika jeni za ribosomu, na ndiyo maana ziliwavutia watafutaji wa dawa. Katika maabara, miaka ya 1990, pentamidini ilionekana kuzuia introni hizo zisijikate. Lakini dawa hiyo ina madhara makali.

Kinga rahisi ipo, wala haihusiani na introni: kotrimoksazoli, ile tuiitayo septrini. Mtoto wa mama mwenye virusi huanzishwa akiwa na wiki nne hadi sita, na huendelea mpaka aache kunyonya na ithibitishwe hana virusi. Huenda mama akaificha chupa hiyo kwa kuwaogopa wakwe. Ukiiona kwa dada yako, usiulize ni ya nini. Uliza kama imebaki ya kutosha.