Maji Yanatoka, Mbona Mashine Inachemka?

Kama umewahi kuvuka kutoka Mokowe kuja Lamu kwa boti, bila shaka umekiona kile kimkondo chembamba cha maji kinachoruka nyuma ya mashine. Wengi hudhani ni maji machafu yanayomwagwa. La hasha! Kimkondo hicho ndicho nahodha anachokitazama kila mara akigeuza shingo. Kikikatika, huzima mashine papo hapo. Mimi nimekua nikiamini kwamba kikitoka tu, mambo ni salama. Mwaka jana niligundua kwamba sivyo, na somo lenyewe lilitugharimu. Hilo ndilo ninalotaka kuwaeleza wanafunzi wenzangu pamoja na walimu wetu.

Baba yangu ni nahodha wa boti ya abiria. Mashine yake ya kwanza ilipokufa, alinunua nyingine iliyotumika, ya nguvu za farasi 40, yenye silinda mbili, moja juu ya nyingine. Alitoa akiba yake yote na mkopo wa chama juu yake. Siku ya kuijaribu, kimkondo kiliruka kwa nguvu kama mpira wa kumwagilia bustani. Baba akaridhika, pesa zikahesabiwa.

Haikupita wiki, vituko vikaanza. Ikienda polepole haina neno. Ikipewa mafuta yote kwa dakika kumi hivi, inaishiwa nguvu na kutoa harufu ya rangi inayoungua. Baba huizima, akangoja ipoe, akaiwasha tena. Kila mara alitazama nyuma na kusema, "Maji si yanatoka?" Jioni moja ilituzimikia katikati ya mkondo tukiwa na abiria sita, mmoja wao mama aliyekuwa akimleta mtoto mwenye homa hospitali. Giza laingia, na maji yanatuchukua. Tulitia nanga mpaka boti nyingine ikaja kutuvuta. Tulifika salama, lakini yule mama hakusema neno njia nzima, alikuwa akimpepea mtoto kwa leso tu. Baba naye hakula usiku ule.

Kabla sijaeleza tulichokiona, yafaa tujue maji yanavyosafiri. Gari lina rejeta, maji yaleyale huzunguka na kupozwa na upepo. Mashine ya boti haina rejeta, bahari yenyewe ndiyo rejeta yake. Kwenye mguu wa mashine, juu kidogo ya rafadha, kuna matundu madogo ya kuingizia maji. Ndani ya mguu mna pampu, na ndani ya pampu mna kigurudumu cha mpira chenye mapanga sita. Mafundi hukiita impela. Impela ikizunguka husukuma maji juu kwa bomba mpaka kwenye injini. Huko maji hupita kwenye vijia vilivyozunguka silinda, yakachukua joto, kisha yakafika kwenye themostati. Hiki ni kilango kinachojifungua chenyewe maji yakipata moto na kujifunga yakipoa. Baada ya hapo maji hurudi baharini pamoja na moshi. Kimkondo tunachokiona ni sehemu ndogo tu ya maji hayo, iliyochepushwa ili nahodha aone.

Kesho yake tulimwita fundi, mzee mmoja wa mtaani kwetu. Hakushika spana, aliomba kikombe cha maji! Boti ikiwa imefungwa gatini, aliiwasha mashine dakika kadhaa, akaondoa kifuniko, akadondosha tone moja kwenye kichwa cha silinda ya chini. Likakauka polepole. Akadondosha jingine kwenye silinda ya juu. Lo! Likalia "tsss" kama maji kwenye kikaango.

"Waona, mwanangu?" akaniambia. "Tone likichemka hivyo, chuma kimepita nyuzi 100. Hapa hapatakiwi kuzidi 60 na kitu. Chini maji yafika, juu hayafiki. Sasa tuyafuate."

Tuliyafuata kuanzia chini kwenda juu, na utaratibu wenyewe ulikuwa huu:

Kwanza, matundu ya kuingizia maji. Yalikuwa safi, hayana matope wala mwani.

Pili, pampu. Tulifungua mguu wa mashine tukaitoa impela. Mapanga mawili yalikuwa yamekatika ncha. Nikauliza, "Ami, vipande viko wapi?" Akajibu, "Vimepanda na maji."

Tatu, mpira wa kimkondo. Hapo ndipo siri ilipofichuka. Tundu la asili huko juu lilikuwa limezibwa kwa gundi ya chuma. Mpira ulikuwa umefungwa kwenye tundu jipya lililotobolewa chini, pale maji yanapoingia tu kwenye injini. Kwa hiyo maji tuliyokuwa tukiyafurahia yalikuwa hayajaigusa silinda ya juu hata kidogo!

Nne, themostati. Tulifungua nyumba yake tukakuta tupu.

Tano, waya wa king'ora cha joto. Ulikuwa umekatwa na kufichwa nyuma.

Sita, kichwa cha silinda. Tulipokifungua tulikuta vijia vya juu vimejaa chumvi nyeupe, ngumu kama chokaa ya ukutani, na vipande viwili vya mpira vimenasa humo.

Kumbe mashine ilikuwa imeziba zamani. Badala ya kuizibua, mtu aliihamisha njia ya kimkondo, akatoa themostati na kukata king'ora. Nani alifanya hayo, hatujui, maana imepita mikono mingi. Lakini ugonjwa ulibaki, ila mgonjwa alizibwa mdomo.

Mtu aweza kuuliza, themostati ya nini ikiwa bahari ni baridi? Mashine ikipoa kupita kiasi, petroli haiungui vizuri, plagi hulowa na kuwa nyeusi, na mafuta huliwa mengi. Ikichemka nayo, chumvi huganda. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi karibu gramu 35, na kadiri chuma kinavyozidi moto ndivyo magamba yanavyojijenga. Ndiyo sababu themostati ya boti hufunguka mapema kuliko ya gari.

Basi jirani mmoja akaja, akasema yuko tayari kuinunua vilevile, mradi maji yanatoka. Pesa alizotaja zingelipa deni lote. Baba alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akamwambia fundi, "Agiza spea. Nikimuuzia hivi, siku moja atakuwa na mtoto wa mtu ndani ya boti." Spea zikatoka Mombasa, na karo yangu ikangoja. Walimu mlioniuliza mbona nilichelewa kurudi muhula ule, jibu ndilo hili.

Vijia tuliviloweka kwa siki ya moto, tukakwangua kwa kijiti na kusuuza mara nyingi. Tukatia impela mpya na gasketi mpya, na bolti za kichwa tukazikaza kidogo kidogo kuanzia katikati kwenda nje. Tundu la chini lilizibwa, la asili likazibuliwa, na waya wa king'ora ukaungwa. Themostati mpya niliipima mwenyewe. Niliazima kipimajoto cha maabara kwa mwalimu wa fizikia, nikaining'iniza themostati kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse chini. Ilipofika nyuzi 50 ikaanza kufunguka, na kwenye 60 ikawa wazi kabisa. Mama alicheka, akasema leo twala mchuzi wa chuma.

Wenzangu ambao kwenu kuna boti, shikeni haya. Msiiwashe mashine nchi kavu hata kidogo, maana impela hulainishwa na maji na huungua ikikosa. Mkirudi safari, iendesheni ndani ya pipa la maji matamu dakika kumi itoe chumvi. Badilisheni impela kila mwaka, na ikiwa imekatika, tafuteni vipande mpaka mvipate. Na mkinunua mashine iliyotumika, msitosheke na kimkondo. Ufuateni mpira wake mjue unatoka wapi, kisha mdondoshe tone juu na chini, mkono ukiwa mbali na gurudumu linalozunguka.

Leo kimkondo chetu ni chembamba kuliko siku ile ya kununua. Lakini mashine ikishapata moto, ukikinga kiganja, maji ni vuguvugu, maana yamepita mahali pa kazi. Deni bado tunalipa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza kwamba usiupake ufa chokaa ukamuuzia mwenzio nyumba.