Uzi Uliofanana Usiku, Ukatengana Mchana

Uzi niliununua saa 2 usiku, chini ya taa ya duka. Niliulaza juu ya kitambaa cha pamba cha kijani, nikaona vinaendana kabisa. Asubuhi fundi aliutoa barazani, akaugeuza mara mbili. "Dada, uzi huu na kitambaa haviendani." Kweli, kitambaa kilikuwa kijani, uzi umeingia ukahawia.

Muuzaji hakunidanganya, wala macho yangu hayakuwa mabovu. Rangi haikai ndani ya uzi kama sukari ndani ya chai. Mwanga huupiga uzi, sehemu yake humezwa na sehemu hurudi machoni. Humo zimo seli za aina 3 zinazotambua rangi, na ubongo hupima nguvu ya taarifa za seli hizo, basi. Mianga miwili yenye mchanganyiko tofauti kabisa ikiziamsha seli hizo kwa kiasi kilekile, sisi huona rangi moja.

Hapo ndipo kitambaa cha pamba na uzi wa poliesta hutukoroga. Rangi inayoshika pamba haishiki poliesta, kwa hiyo viwanda hutumia kemikali tofauti kuutafuta ukijani uleule. Chini ya taa moja hupatana. Jua lina mianga ya rangi zote, ilhali taa nyingi nyeupe za LED zina bluu ya kutosha na upungufu wa nyekundu iliyokolea. Ukibadilisha taa, siri hutoka. Wanasayansi huita hali hii metamerizimu.

Jicho nalo lina yake. Lenzi huwa ya manjano kadiri umri unavyokwenda, na bluu iliyoiva huanza kufanana na nyeusi. Fundi mzee anayechanganya nyuzi za rangi hizo mbili asichekwe; apelekwe kwa daktari wa macho, kwani huenda ni mtoto wa jicho, na ugonjwa huo hutibika kwa upasuaji. Wengine huzaliwa wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani, wengi wao wanaume.

Fundi alinifunza jambo jingine: uzi uliozungushwa pamoja huonekana mzito wa rangi kuliko ukiwa mmoja. Vuta unyuzi mmoja, ulaze juu ya kitambaa. Ukikosa unaolingana sawasawa, chukua uliokolea kidogo, maana ukishashonwa hufifia machoni.

Nilirudi dukani saa 4 asubuhi na kipande cha kitambaa mkononi, nikaomba kutoka na nyuzi 3 hadi mlangoni, penye jua.